Kadi za mashabiki: si rasmi, lakini je, ni feki?

Mpwa wangu yuko kidato cha tatu. Mwezi uliopita alinitumia picha ya kadi kumi na mbili alizozipanga juu ya godoro. Kila moja ina mchoro wa kalamu za rangi, jina juu, namba mbili pembeni na maelezo ya mistari miwili chini. Gandalf na Frodo wa The Lord of the Rings wamo, na kuna joka moja lenye kitambi ambalo nadhani ni Smaug. Alizichora mwenyewe, akazipiga skana, akazichapisha steshenari kwenye karatasi ya manila, akazikata kwa mkasi. Chini ya picha aliandika: "Shikamoo mjomba. Wenzangu wanasema hizi ni feki na naweza kushitakiwa. Kweli?"

Wiki hiyohiyo, kwenye kundi la WhatsApp la watu wazima na akili zao, mtu alirusha habari ya 2023 kuhusu ile kadi ya Pete Moja, ya hadithi hiyohiyo, iliyouzwa takriban dola milioni 2. Mmoja akasema ni utapeli wa Wazungu. Mwingine akauliza, tena kwa dhati kabisa, kama ni karatasi tu basi kwa nini yeye asichapishe yake Kariakoo. Wa tatu akamwambia akifanya hivyo atahesabika shabiki, na mashabiki wanaruhusiwa. Kila mmoja alikuwa anazungumzia kitu chake, na hakuna aliyeligundua hilo.

Kadi zenyewe ni zipi

Karata za barazani, zenye kopa na shupaza, ni hamsini na mbili, na pakiti yangu haina tofauti na yako. Kadi za kukusanya haziko hivyo. Zipo za aina mamia, pengine maelfu. Kwa kawaida huuzwa katika pakiti zilizofungwa, hujui ndani umepata nini, na baadhi huchapishwa chache kwa makusudi. Kila mtu hujipangia fungu lake kutokana na alizonazo, halafu anamtafuta mwenzake wacheze. Mtindo huu wa kukusanya na kucheza kwa pamoja ulianza 1993, kampuni ya Kimarekani ya Wizards of the Coast ilipotoa Magic: The Gathering, mchezo uliobuniwa na mwanahisabati Richard Garfield. Kabla ya hapo kadi za kukusanya, mfano zile za wachezaji wa besiboli, zilikuwa za kutazama na kubadilishana.

The Lord of the Rings, hadithi ya Mwingereza J.R.R. Tolkien iliyotoka kwa juzuu tatu mwaka 1954 na 1955, imeshatengenezewa kadi rasmi zaidi ya mara moja. Neno "rasmi" hapa halina maana ya "nzuri" wala "ghali". Maana yake ni kwamba mwenye haki ametoa leseni na mchapishaji ameilipia, basi. Iron Crown Enterprises walitoa mchezo wao 1995 kwa michoro ya wasanii kama Angus McBride, na leseni ikaondolewa 1999. Decipher wakaja 2001, muda mfupi kabla ya filamu ya kwanza, wakitumia picha za filamu zenyewe, na leseni yao ikaisha 2007. Fantasy Flight Games walianza wa kwao 2011, mchezo wa kushirikiana badala ya kushindana, na usio na pakiti za kubahatisha. Kisha 2023 Magic yenyewe ikatoa toleo zima la hadithi hii. Humo ndimo ilimokuwa ile kadi ya Pete Moja. Ilichapishwa nakala moja tu, ikapewa namba 001 kati ya 001, ikatumbukizwa katika pakiti mojawapo kati ya zote zilizosambazwa. Mtu mmoja wa Kanada akaifungua, mwanamuziki Post Malone akainunua.

Itazame tena ile miaka ya leseni kuisha, 1999 na 2007. Kadi nyingi za mashabiki huzaliwa katika mapengo kama hayo.

Bao halina tatizo hili. Hakuna kampuni inayomiliki bao, kwa hiyo hakuna wa kulifunga. Mchezo wa kadi za kukusanya ni kama gari ambalo spea zake zinatoka kiwanda kimoja. Kiwanda kikifungwa, gari halifi siku hiyo, ila linaanza kuzeeka. Kadi mpya zikikoma, baada ya mwaka kila mtu anazijua mbinu zote za mwenzake na hamu inaisha. Wachezaji wa Decipher walikataa kuuzika mchezo wao. Wana Baraza la Wachezaji linalobuni kadi mpya, na jukwaa la mtandaoni liitwalo Gemp wanakokutana kucheza. Wale wa mchezo wa 1995 wana kadi zao wanazoziita kadi za ndoto. Na Fantasy Flight walipotangaza 2020 kwamba wanasimama kutoa hadithi mpya, kundi la mashabiki likaendeleza kazi kwa jina la A Long-extended Party. Jina hilo ni utani: sura ya kwanza ya kitabu inaitwa A Long-expected Party. Sherehe iliyongojwa sana wao wameifanya sherehe iliyorefushwa.

Kokoto, khanga na uongo

Twende sasa kwenye maneno yanayochanganywa, na bao litatusaidia tena. Kete za bao ni komwe, mbegu za mkomwe. Mmekaa kucheza, mkakuta komwe mbili zimepotea. Mnafanyaje? Mnaokota kokoto mbili na mchezo unaendelea. Hakuna anayedhani kokoto ni komwe, na hakuna anayesema umedanganya. Katika kadi, kokoto hiyo inaitwa proksi: kipande kinachosimama mahali pa kadi halisi ambayo huna, au unayo lakini ni ya thamani mno kuishikashika. Proksi inaweza kuwa karatasi yenye jina lililoandikwa kwa kalamu, au nakala ya rangi iliyochapishwa vizuri sana. Hata kwenye mashindano rasmi ya Magic, kadi ya mchezaji ikiharibika katikati ya mchuano, mwamuzi anaweza kumpa kokoto amalizie.

Kadi ya shabiki ni kitu kingine. Hakuna halisi inayoiiga. Mpwa wangu hakunakili kadi ya Smaug ya kampuni yoyote, alikaa akaamua mwenyewe joka lake lina nguvu kiasi gani na linafanya nini likiingia mezani. Ni kadi mpya juu ya hadithi ya mtu mwingine.

Halafu kuna bandia, yaani feki. Hii inaiga kadi halisi iliyopo, na imetengenezwa ili mnunuzi aamini kuwa ndiyo. Karatasi ni nzito kwa kiwango kilekile, mgongo ni uleule, nembo ileile. Ukiiweka chini ya lenzi ya fundi saa utaona vitone vya wino havikupangika kama vya kiwandani, lakini nani anatembea na lenzi ya fundi saa?

Wengi hukosea hapa kwa kudhani tofauti iko kwenye ubora wa uchapaji, kwamba iliyochapwa ovyo ni ya shabiki na iliyochapwa vizuri ni feki. Sivyo. Fikiria khanga. Watu wa pwani wanaijua ile alama ya K.H.E., Mali ya Abdulla, kwenye pindo la khanga za Mombasa. Wewe ukibuni khanga yako, ukaweka mji wako na jina lako, umeuza khanga, iwe nzuri au mbaya. Ukiichapa ileile kisha ukaandika pembeni Mali ya Abdulla, umeuza uongo, hata kama kitambaa ni kizuri kuliko chao. Ndivyo ilivyo kwa kadi. Kadi ya shabiki yenye wino wa dhahabu, iliyochapishwa kwa mashine ya bei mbaya, si feki maadamu mgongoni na chini inasema wazi imetoka kwa nani. Na kokoto iliyochapishwa vizuri inaweza kuanza maisha kihalali ikaishia kuwa feki siku ile mwenye nayo anapomuuzia mtu bila kumwambia. Karatasi ni ileile, kilichobadilika ni maneno yaliyosemwa wakati inabadili mikono. Hii ndiyo sababu watengenezaji wengi makini huweka mgongo tofauti kabisa na ule rasmi.

Kwa hiyo yule rafiki wa Kariakoo anaweza kuchapisha Pete Moja yake na kuibandika ukutani akitaka. Dola milioni 2 hazikulipiwa mchoro. Zililipiwa ukweli kwamba hiyo ni moja, na aliyeitoa amethibitisha kwamba ni moja.

Kutodanganya si kuruhusiwa

Mashabiki nao wana kosa lao, na huwa wanakasirika wakiambiwa. Wakishathibitisha kwamba kadi zao hazidanganyi mtu, hudhani kesi imekwisha. Haijaisha. Swali la kwanza ni la uongo: je, kadi inajifanya kuwa kitu kisicho? Swali la pili ni la ruhusa: hadithi, majina na picha zilizomo ni za nani, na amekubali? Kadi inaweza kufaulu la kwanza na kufeli la pili. Anayeiba embe na kutangaza sokoni kwamba ni la kuiba hajamdanganya mteja, lakini mwenye mwembe bado ana neno naye.

Tena kuna swali la tatu ambalo watu hulisahau: kadi inachezeka wapi? Novemba 2022 Wizards of the Coast waliuza toleo la kuadhimisha miaka 30 ya Magic. Pakiti nne za kadi 15, jumla kadi 60, kwa dola 999. Ni kadi za kampuni yenyewe, zina ruhusa zote duniani, mgongo wake ni tofauti na wa kawaida, na haziruhusiwi kwenye mashindano rasmi. Wachezaji walicheka kwa uchungu: kampuni imeuza kokoto kwa bei ya pikipiki kuukuu. Mimi nilicheka pia, lakini tukio lile lilinisaidia kuona kwamba "rasmi" na "inachezeka" ni mambo mawili.

Turudi kwenye ruhusa, maana ndiko kwenye msitu. Huku pwani tumezoea kwamba ardhi inaweza kuwa ya mtu mmoja, minazi iliyo juu yake ya mwingine, na mgema akawa na mapatano yake. Hadithi ya Tolkien iko hivyohivyo. Maandishi ya vitabu yako chini ya warithi wake. Haki za filamu na bidhaa aliziuza mwenyewe mwaka 1969 kwa United Artists, zikanunuliwa na Saul Zaentz 1976, na tangu 2022 kampuni inayozishika, Middle-earth Enterprises, iko mikononi mwa Embracer Group ya Sweden. Picha za filamu za miaka ya 2000 zina mwenyewe, sura za waigizaji zina wenyewe, na kila mchoro wa msanii una aliyeuchora. Shabiki akichukua picha ya filamu, nukuu ya kitabu na mchoro alioutoa mtandaoni, akavipachika kwenye kadi moja, amepita mashamba matatu kwa mkupuo.

Hata jina peke yake lina mlinzi. Mwaka 2012 baa moja ya Southampton, Uingereza, iliyokuwa ikiitwa The Hobbit, jina la vijitu vifupi wa Tolkien, kwa zaidi ya miaka 20, ilipata barua kutoka kampuni ya Zaentz ikitakiwa kuacha jina hilo. Zogo likawa kubwa, na waigizaji Ian McKellen na Stephen Fry wakajitolea kulipa ada ya leseni. Miaka ya 1970, watengenezaji wa Dungeons & Dragons walikuwa na "hobbit" kwenye mchezo wao. Walipobanwa wakaliita kabila hilo "halfling", na mchezo ukaendelea kama kawaida, miguu yao mifupi ileile.

Mfano huo unaonyesha sehemu ambayo haina mlinzi: mawazo na kanuni za mchezo. Vidubwana waishio mashimoni si mali ya mtu. Kwamba kadi fulani "inavuta kadi mbili halafu inatupa moja" si mali ya mtu kwa hakimiliki. Mwaka 2016 mahakama moja ya Texas iliamua kesi ya mchezo wa kadi wa Bang!, wenye hadithi ya wapiganaji bastola wa Marekani, dhidi ya waliochukua kanuni zake karibu zote na kuzivika hadithi ya Uchina ya kale. Walalamikaji walishindwa. Kanuni zilikuwa zilezile, lakini majina, picha na maandishi yalikuwa mapya.

"Lakini mimi siuzi." Hii ndiyo sentensi ninayoisikia kuliko zote, na ina nusu ya ukweli. Kutouza hakukupi ruhusa. Kunapunguza tu uwezekano wa mtu kukujali. Mfano mzuri uko kwa jirani, kwenye Harry Potter. Shabiki mmoja alijenga tovuti ya bure, kamusi ya kila kitu kilichomo vitabuni, na J.K. Rowling mwenyewe aliisifu hadharani. Tovuti hiyo ilipotaka kugeuzwa kitabu cha kuuzwa, Rowling na Warner Bros. walikwenda mahakamani New York, na mwaka 2008 wakashinda, kwa sababu kitabu kilinyonya maandishi mengi mno kutoka vitabu vya asili. Fidia ilikuwa dola 6,750, si fedha ya kumfilisi mchapishaji. Toleo lililopunguzwa na kuandikwa upya likatoka mwaka uliofuata. Ukarimu wa mwenye shamba ulikuwapo siku zote, na ulikuwa na mpaka.

Baadhi ya kampuni huutaja mpaka huo wenyewe. Januari 2016 Wizards of the Coast walieleza kwamba hawana ugomvi na mtu anayejitengenezea kadi za majaribio kwa matumizi yake, yasiyo ya biashara, nje ya mashindano yao rasmi. Ugomvi wao ni na bandia. Huo ni msimamo wa kampuni moja kuhusu mchezo wake. Usiubebe ukautumie kwa mwingine.

Zile dawa za kienyeji nitazipitia haraka. Hakuna sheria inayosema ukibadilisha asilimia thelathini ya mchoro unakuwa wako. Kuandika chini "sina nia ya kuvunja hakimiliki" hakufuti kitu, ingawa kuandika "hii si kadi rasmi" kuna faida kwenye lile swali la uongo. Na picha iliyotengenezwa na akili mnemba haijawa ya kwako kwa kuwa hakuna aliyeishika brashi. Uso wa mwigizaji ukitokea humo, bado ni uso wa mwigizaji.

Msomaji wa Nairobi anaweza kuwa na hoja nzuri hapa. Mkataba wa Berne unaweka kima cha chini cha hakimiliki kuwa maisha ya mwandishi na miaka 50 baada ya kifo, na sheria ya Kenya ya 2001 inafuata hesabu hiyo. Tolkien alifariki 1973, kwa hiyo miaka 50 imekatika mwisho wa 2023. Uingereza wanahesabu 70, mpaka mwisho wa 2043. Hoja ina mashiko, ila inahusu maandishi ya Tolkien tu. Haigusi filamu, haigusi michoro ya wasanii waliokuja baadaye, haigusi alama za biashara ambazo huhuishwa kila muda wake ukifika. Na siku unapouza kadi zako mtandaoni kwa mnunuzi wa London, sheria ya Kenya haimfuati posta.

Basi nilimjibu mpwa. Nikamwambia hizo zako si feki, kwa sababu hakuna kadi duniani zinayoiga na hakuna utakayemdanganya nazo, hasa hilo joka. Ruhusa huna, na kwa kucheza na wenzako bwenini hakuna atakayekutafuta. Ukianza kuziuza ni hadithi nyingine. Weka jina lako chini, na mgongoni chora kitu chako. Nikaongeza, kwa ujanja wa watu wazima, kwamba kama anataka kuuza siku moja, Fumo Liyongo hana kampuni.

Alikaa kimya siku mbili. Jana katuma kadi mpya, mgongo una mbuyu. Liyongo kasimama na upinde, nguvu 10, ulinzi 10, na maelezo chini: "Hauawi na kadi yoyote." Nikamwandikia kwamba hapo ameharibu mchezo, nani atacheza dhidi ya kadi isiyouawa? Akanijibu kwa picha ya pili. Kijana mdogo, mkononi ana sindano ya shaba, nguvu 1, ulinzi 1.